Kosa Lililozoeleka Halina Mshtakiwa

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi wa tehama na wa elimu ya michezo, wakufunzi wao, na makocha wa timu za chuo. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wakufunzi, makocha, wanafunzi wa fani zote mbili, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Waandaaji waliponialika walinieleza kwa upole kwamba ukumbi ni mmoja na makundi ni mawili, kwa hiyo wangeshukuru kama ningepata mada ya kuwahusu wote. Sikuhangaika sana kuitafuta. Kama kuna kitu kinachowaunganisha watu wa kompyuta na watu wa michezo, ni ule uwezo wetu wa kufanya mambo ya ajabu kwa makini na kwa nidhamu, mwaka nenda mwaka rudi, bila hata mmoja wetu kusimama na kuuliza: hivi hili tunalifanya kwa sababu gani?

Nianze na swali jepesi. Ni wangapi hapa wanatumia kompyuta yenye Windows? Naona mikono ni mingi. Diski yenu kuu inaitwa herufi gani? Nyote mmejibu kwa pamoja: C. Vema. Sasa, A iko wapi? B je, imekwenda wapi?

Kimya. Wazee wachache wanatabasamu kwa sababu wanakumbuka. Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilitumia disketi, na herufi mbili za mwanzo zilikuwa za mashine za kusomea disketi hizo. Diski ngumu ilipokuja ikakuta A na B zimeshachukuliwa, ikapewa C. Disketi zilikwishatoweka madukani na maofisini, na wengi wenu hamjawahi kuishika hata moja, lakini herufi zake zimebaki wazi kama kiti cha marehemu babu ambacho hakuna mjukuu anayethubutu kukikalia.

Wanafunzi wa programu, ninyi mna kiti kingine cha namna hiyo. Mnafundishwa kwamba mstari wa msimbo usizidi herufi 80 hivi. Mwongozo rasmi wa lugha ya Python unasema 79. Namba hiyo ilitoka wapi? Mwaka 1928 kampuni ya IBM ilitoa kadi ya karatasi yenye safu 80 za kutobolewa matundu. Skrini zilipokuja zilitengenezwa kwa upana wa kadi, na sheria za uandishi zilipokuja ziliwekwa kwa upana wa skrini. Kadi hazipo tena. Skrini za leo ni pana kuliko madirisha ya nyumba nyingine. Na bado mnakata mistari yenu kwa kipimo cha karatasi ya miaka karibu 100 iliyopita.

Wahenga walisema: vyaelea vimeundwa. Kila zoea lilikuwa na muundaji wake, na mara nyingi muundaji huyo alikuwa na akili timamu na sababu nzuri. Sikuja hapa kuwacheka waundaji. Swali langu ni kuhusu sisi tuliorithi. Sababu inapokufa, kwa nini zoea linaendelea kuishi? Wengi watajibu kwamba ni uvivu, au ni ujinga. Mimi sikubali. Watu wa kompyuta si wavivu, na wanamichezo ndio kabisa. Jibu langu ni hili: mazoea hutukinga na lawama. Anayekosea kwa namna iliyozoeleka hashtakiwi na mtu, ilhali anayekosea kwa namna yake mwenyewe atashtakiwa peke yake. Ninaomba mlishike jambo hilo, kwa sababu mengine yote nitakayosema leo yanatoka humo.

Makocha, sasa nawageukia ninyi. Kipa anasubiri penalti. Afanye nini? Aruke kulia, aruke kushoto, au abaki katikati?

Mwaka 2007 watafiti wa Israeli wakiongozwa na Michael Bar-Eli walichapisha uchambuzi wa penalti 286 zilizopigwa katika ligi kubwa na mashindano makubwa ya dunia. Walikuta kwamba karibu penalti 29 katika kila 100 zilipigwa katikati. Je, makipa walibaki katikati mara ngapi? Mara 6 tu katika kila 100. Waliporuka upande mmoja au mwingine, waliokoa penalti 13 au 14 katika kila 100. Walipobaki katikati waliokoa theluthi nzima. Nisikilizeni tena: theluthi nzima! Hawa si makipa wa mchangani. Ni watu wanaolipwa fedha nyingi, wenye makocha wao maalumu, wenye kila sababu ya kutafuta njia bora, na bado mara 94 katika kila 100 walichagua kuruka.

Nikiri kwamba hesabu hiyo ina mpaka wake. Makipa wote wakianza kesho kusimama katikati, wapigaji nao watabadilika na kupiga pembeni. Hilo ni kweli. Lakini halielezi kwa nini katika zile penalti 286 kusimama kulikuwa kwa nadra kiasi hicho. Watafiti wenyewe walitoa maelezo ambayo kila aliyewahi kukaa jukwaani atayaelewa: kuruka ndiyo desturi, na bao linalofungwa huku kipa amesimama linauma kuliko bao linalofungwa huku amelala chini.

Hebu fikirini kipa wa mojawapo ya timu zetu mbili za Kariakoo, dakika ya 90, uwanja umejaa. Akiruka kushoto na mpira ukaenda kulia, mashabiki watasema, "Masikini, amejitahidi, amedanganywa." Akisimama wima katikati na mpira ukaenda kulia, watasema nini? Mnacheka kwa sababu jibu mnalo. Watasema ameuza mechi. Bao ni lilelile, matokeo ni yaleyale, lakini hukumu ni mbili tofauti. Kipa haruki ili kuokoa penalti tu. Anaruka pia ili kujiokoa mwenyewe.

Kuna aliyelitambua hilo mapema na akalitumia. Mwaka 1976, mjini Belgrade, katika fainali ya Mataifa ya Ulaya, Antonín Panenka wa Czechoslovakia alikuwa na penalti ya kuwapa ubingwa dhidi ya Ujerumani Magharibi. Kipa alikuwa Sepp Maier, mmoja wa makipa bora waliopata kutokea. Panenka alikuja mbio kama mtu anayetaka kupasua wavu, kisha akaudokoa mpira taratibu katikati ya goli, mahali ambapo Maier angekuwepo kama tu asingefanya chochote. Maier alikuwa tayari ameruka. Leo mpigaji wa aina hiyo tunamwita jasiri, na ni kweli alikuwa jasiri, lakini ushujaa wake ulijengwa juu ya hesabu moja: alijua kwamba kipa haruhusiwi na heshima yake kusimama.

Hadithi ya pili inatoka katika mpira wa kikapu, na kwangu inasikitisha zaidi, kwa sababu mhusika alijua ukweli akauacha. Wilt Chamberlain alikuwa jitu la mchezo huo nchini Marekani. Tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja, rekodi ambayo hadi leo haijafikiwa katika ligi ya NBA. Wengi wanaijua namba hiyo. Wachache wanajua kwamba 28 kati ya pointi hizo zilitokana na mitupo huru 32, yaani ile ya adhabu ambayo mchezaji huirusha bila kuzuiwa na mtu. Kwa kawaida Chamberlain alikuwa dhaifu mno katika mitupo hiyo. Katika maisha yake yote ya uchezaji alifunga takriban nusu tu. Msimu ule alibadilisha mbinu. Aliushika mpira kwa mikono miwili chini, kati ya magoti, akaurusha kutoka chini kwenda juu, na akafikia asilimia 61, ambayo kwake yalikuwa mafanikio makubwa.

Sasa niambieni, mtu akipata dawa ya ugonjwa wake mkubwa, anafanya nini? Bila shaka anaendelea kuinywa. Chamberlain aliiacha! Alirudi kurusha kwa juu kama wenzake, na katika msimu mmoja wa miaka ya baadaye alishuka hadi asilimia 38. Yeye mwenyewe alikiri miaka iliyofuata kwamba alijua anakosea, lakini kurusha kwa chini kulimfanya ajione legelege mbele ya watu. Wakati huohuo Rick Barry alikuwa akirusha kwa chini bila kujali, na alipostaafu mwaka 1980 alikuwa na wastani wa asilimia 90, ulio juu kuliko wa mchezaji mwingine yeyote katika historia ya NBA hadi wakati huo. Ushahidi ulikuwa wazi mbele ya kila kocha na kila mchezaji. Je, ligi nzima ilimfuata Barry? Hata kidogo. Hadi leo utaona wachezaji warefu wenye mishahara ya mamilioni wakikosa mitupo huru kwa namna inayokubalika, na hakuna anayewacheka.

Lakini wapo waliokubali kuchekwa, na mmoja wao ni wa hapa kwetu. Vijana, wangapi mnalijua jina la Filbert Bayi kama jina la mtu, kabla ya kulijua kama jina la shule? Katika mbio za mita 1500, hekima ya siku nyingi inasema mkimbiaji ajifiche nyuma ya wenzake, aache mwingine apasue upepo, kisha achomoke katika mita 300 au 200 za mwisho. Hekima hiyo haikutoka hewani, maana anayeongoza kweli huumia zaidi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, kijana huyo wa Karatu mwenye umri wa miaka 20 aliondoka na mlio wa bastola na kukimbia kana kwamba mbio zilikuwa za mita 800. Akafungua pengo kubwa. Nyuma yake walikuwapo watu wenye majina: John Walker, mwenyeji, na Ben Jipcho wa Kenya, ambaye katika michezo hiyohiyo alishinda mita 5000 na mbio za kuruka viunzi na maji. Wote walimwacha aende, kwa sababu kila mtu alijua kwamba anayeondoka namna ile hurudi.

Hakurudi. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia, na Walker aliyekuwa wa pili naye aliivunja rekodi ya zamani kwa sababu tu alikuwa akimfukuza Bayi. Aliyehoji zoea hakujisaidia peke yake. Aliwavuta hata waliolishikilia.

Ninalotaka mlione hapa ni jambo ambalo hadithi za ushindi huwa zinalificha. Kama Bayi angechoka mita 100 kabla ya utepe na kumaliza wa nane, tungemsimulia vipi leo? Tungesema: kijana hakujua mbio. Waliomaliza nyuma kwa kufuata desturi hawakuulizwa neno, na yeye angebeba aibu yote peke yake. Hiyo ndiyo bei iliyoandikwa juu ya kila swali, na aliikubali bei hiyo kabla ya kujua kama atashinda.

Upande wa kompyuta naona mmestarehe, mnadhani habari ya aibu na heshima ni ya wachezaji. Sawa. Ni nani kati yenu ofisini au chuoni kwake analazimishwa kubadilisha neno la siri kila baada ya siku 90? Na anayelazimishwa anafanyaje? Msinijibu kwa sauti, msije mkatoboa siri zenu, lakini najua kwamba aliyeanza na Yanga2023 alikwenda Yanga2024, na anakaribia kuishiwa na miaka.

Chimbuko la shuruti hiyo linajulikana vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, inayoitwa NIST, ilitoa mwongozo ambao sehemu yake ya maneno ya siri iliandikwa na Bill Burr. Humo ndimo ulimwengu ulipojifunza kudai herufi kubwa, namba, alama ya mshangao, na mabadiliko ya mara kwa mara. Burr alihitaji takwimu za maneno ya siri ambayo watu wanayatumia kweli, hakuzipata, na ikambidi ategemee maandiko ya zamani ya miaka ya 1980. Alifanya alichoweza kwa alichokuwa nacho. Kisha mashirika na serikali za nchi nyingi zikaufuata mwongozo ule kama msahafu.

Je, kubadilisha neno la siri kila mara kunasaidia? Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichunguza akaunti za zamani zaidi ya 7,000 ambazo watumiaji wake walilazimishwa kubadilisha maneno yao kila baada ya miezi 3. Waligundua kwamba ukilijua neno la zamani la mtu, kwa asilimia 41 ya maneno mapya unaweza kulipata jipya kwa kompyuta ndani ya sekunde chache. Sababu ni ile tuliyokwisha kuicheka: watu hawabuni neno jipya, wanasogeza namba moja mbele. Mwaka 2017 NIST yenyewe iliandika upya mwongozo wake na kusema watu wasilazimishwe kubadilisha maneno ya siri bila dalili ya kuvuja, na Burr, akiwa mstaafu, alisema hadharani kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Mwaka 2019 Microsoft nayo iliiondoa kanuni hiyo katika mapendekezo yake ya usalama kwa Windows.

Mwandishi ameikana. Taasisi iliyoitoa imeifuta. Kampuni kubwa imeitupa. Na bado Jumatatu mtafungua kompyuta na kuambiwa neno lenu limekwisha muda! Kwa nini? Jiwekeni katika nafasi ya mkuu wa tehama wa ofisi. Akiacha kanuni ile na wadukuzi wakaingia wiki ijayo, swali la kwanza la bodi litakuwa: ni nani aliyeondoa kanuni ya siku 90? Akiiacha ilivyo na wadukuzi wakaingia kupitia Yanga2024, bodi itasema alizingatia taratibu. Huyu ni yule kipa wetu, isipokuwa amevaa tai. Anaruka ili aonekane ameruka.

Mpaka hapa tumecheka, na kucheka ni vizuri, lakini mazoea yasiyohojiwa yamewaumiza watu. Mwaka 1928, mjini Amsterdam, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kukimbia mita 800 katika Olimpiki. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, na watatu wa kwanza wote walikimbia chini ya rekodi ya dunia ya wakati huo. Magazeti yakaandika kwamba wanawake walianguka ovyo, kwamba ilikuwa picha ya kutisha, kwamba maumbile yao hayawezi. Filamu ya mbio zile ipo, na haionyeshi maangamizi hayo. Inaonyesha watu waliochoka baada ya kukimbia kwa nguvu zao zote, kama wanavyochoka wanaume. Lakini mbio hizo zilifutwa kwa wanawake, na hazikurudi hadi Roma mwaka 1960.

Miaka 32! Mabinti wangapi walizaliwa, wakawa na mbio, wakazeeka ndani ya miaka hiyo? Na katika miaka yote hiyo kiongozi wa michezo aliyeendelea kuzuia hakuhitaji kujieleza. Aliyependekeza kuruhusu ndiye aliyetakiwa kuleta uthibitisho, na uthibitisho ungepatikana wapi ikiwa wanawake hawakuruhusiwa kukimbia? Marathoni ya wanawake ilisubiri hata zaidi, hadi Los Angeles mwaka 1984. Miaka 10 baadaye Tegla Loroupe wa Kenya alishinda marathoni ya New York, na mwaka 1998 akaweka rekodi ya dunia mjini Rotterdam. Ninapoona mabinti wa Afrika Mashariki wakikimbia leo huwafikiria bibi zao, ambao hakuna aliyewahi kuwapima.

Ndugu zangu, kama swali ni la lazima, liulizwe lini? Hapa watu wa programu wana hadithi ambayo ningependa ibandikwe katika kila chumba cha kompyuta. Mwaka 1976, katika maabara ya Bell huko Marekani, Stuart Feldman aliandika programu iitwayo Make, inayosaidia kujenga programu nyingine kutoka katika vipande vyake. Alipoamua namna ya kuandika maagizo yake, aliweka sharti kwamba mstari wa amri uanze na alama ya kitufe cha Tab. Ukianza na nafasi za kawaida, programu inagoma. Kwa macho, Tab na nafasi zinafanana kabisa. Unaweza kukodolea skrini hadi usiku wa manane usione kosa lako. Feldman alitambua mapema kwamba sharti lile halikuwa zuri. Mbona hakulibadilisha? Kwa sababu wiki chache zilikuwa zimepita na tayari alikuwa na watumiaji wapatao 12, wengi wao marafiki zake, na hakutaka kuwaharibia kazi.

Watumiaji 12! Kwa kuwahurumia marafiki wasiozidi meza mbili za chakula, waandishi wa programu wa dunia nzima wamesumbuka kwa karibu nusu karne. Simlaumu, Make ni kazi bora, na mwaka 2003 ilimpatia tuzo ya heshima ya chama cha wanasayansi wa kompyuta cha ACM. Lakini mmeona jinsi gharama inavyokua. Siku ya kwanza kubadilisha ni bure. Wiki ya tatu kunahitaji kuomba radhi. Mwaka wa tano hakuna tena wa kumwomba radhi, maana hata huwajui wanaokutegemea.

Na hapo ndipo ninapolazimika kusema neno la kutetea mazoea, msije mkatoka hapa mkavunja kila kitu. Leo usiku fungueni Excel, mwandike 60 katika kisanduku, kisha mkigeuze kiwe tarehe. Itawaambia ni tarehe 29 Februari 1900. Siku hiyo haikuwahi kuwepo, kwa sababu mwaka wa mwisho wa karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400, na 1900 haugawanyiki. Kosa hilo lilianzia katika Lotus 1-2-3, programu ya mahesabu ya mwaka 1983. Microsoft ilipotengeneza Excel ililichukua kosa hilo kwa makusudi, ili faili za Lotus zifunguke bila tarehe kupishana. Baadaye ililipima upya na kuamua kuliacha: kulisahihisha kungesogeza kwa siku moja karibu kila tarehe iliyokwisha hifadhiwa, wakati madhara ya kuliacha ni kwa anayeshughulika na siku za kabla ya Machi 1900. Hilo ni zoea la ajabu, lakini limehojiwa, limejibu, na sababu yake imeandikwa.

Michezo nayo ina mfano wake. Marathoni ni kilomita 42.195 kwa sababu katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908 njia ilianza katika ngome ya Windsor na kuishia mbele ya jukwaa la familia ya kifalme uwanjani. Mwaka 1921 kipimo hicho kikafanywa rasmi. Hakuna fiziolojia wala jiografia ndani ya namba hiyo. Ungeweza kuifanya 40 ukapata mchezo uleule. Lakini kila rekodi imepimwa kwayo, na Mtanzania hasa asiharakishe kuibadilisha. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alimpita Amanal Petros wa Ujerumani katika hatua za mwisho kabisa na kuwa bingwa wa dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03. Mita chache kabla ya utepe Petros alikuwa mbele. Kama jukwaa lile la kifalme lingejengwa hatua kumi karibu zaidi, dhahabu ile ingekwenda Ujerumani! Kwa hiyo mkisikia mtu anataka marathoni ikatwe, mimi simo.

Nimalizie na jambo la nyumbani, kisha ombi. Nyote mmewahi kuona timu ikifika uwanjani, ikauacha mlango rasmi ulio wazi, ikapita kwingine au kuruka ukuta, kwa sababu inaaminika kwamba mlangoni kuna kitu kimewekwa. Bodi ya Ligi imetoza faini kwa kosa hilo zaidi ya mara moja, na klabu zimelipa, kisha zimeruka tena. Tukisema ni ushirikina tu tutakuwa tumelielewa nusu. Muulizeni meneja wa timu, pembeni, bila kinasa sauti. Wengine watawaambia kwamba wao binafsi hawaamini. Lakini akiipitisha timu mlango wa kawaida na ikafungwa mabao matatu, nani atamtetea? Faini ina kiwango chake kwenye kanuni. Lawama haina kiwango. Anachagua iliyo nafuu.

Kwa hiyo ombi langu halielekei kwa wauliza maswali. Linaelekea kwenu mnaogawa lawama: wakufunzi, makocha, viongozi. Kocha, kama umesoma takwimu na unataka kipa wako abaki katikati kwa baadhi ya penalti, usimnong'oneze. Mwambie mbele ya timu nzima, kabla ya mechi, kwamba hilo ni agizo lako, na baada ya mechi waambie waandishi wa habari hivyohivyo. Mkuu wa tehama, kila kanuni unayoiweka iandikie pembeni mambo matatu: nani ameiweka, lini, na hali gani ikibadilika kanuni hii ife. Anayekuja baada yako atakapotaka kuiondoa, atakuwa na karatasi yenye saini yako ya kumkinga. Wakufunzi, mwanafunzi akiuliza kwa nini mistari iwe herufi 80, msimwambie ndivyo ilivyo. Mwonyesheni kadi ya 1928, kisha mwacheni aamue kama bado anaona faida ya mistari mifupi, kwa sababu inawezekana ipo.

Ndugu Mwenyekiti, ninakushukuru kwa muda ulionipa. Naona kipaza sauti kimeanza kuelekea upande wa tehama. Naomba kirudi upande wa pili kwanza, maana tangu nilipotaja zile penalti 286 kuna kocha wa makipa katika safu ya tatu anayetikisa kichwa, na ningependa kumsikia.